Basi Lisilo na Shangazi

Kaka yangu anaitwa Twende, jina alilopewa kwa kejeli. Miaka yote aliyoendesha basi dogo, kondakta wake alikuwa anapiga bodi la gari kwa kiganja na kupaza sauti, "Twende! Twende!" na kaka hasogei. Amemwona mzee mmoja kule mwisho wa uchochoro anainua mwavuli. Amemwona mjamzito anatoka dukani. "Anakuja huyo," anasema, na injini anaizima kabisa. Abiria walisonya, wengine wakashuka kwa hasira. Lakini siku ambayo wao ndio waliochelewa, walimkuta anawasubiri. Basi wakamwita Twende, na hata mke wake leo anamwita hivyo.

Mimi ni dada yake, namfuata kwa kuzaliwa. Nashona nguo. Cherehani yangu iko dirishani upande wa barabara, na dirisha hilo limenionyesha mengi kuliko nilivyotaka kuyaona. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ya kuambiwa. Mengi niliyashuhudia kwa macho yangu, na yaliyobaki nimeyapata kwa wifi yangu, ambaye hajui kuficha kitu.

Nyumba ni ya Mama. Mimi nilirudi humo baada ya ndoa kunishinda, na kaka anaishi na mkewe upande wa pili wa mji. Zamani mbele ya nyumba kulikuwa na kibaraza cha saruji. Mama ana presha na magoti yake hayaishi kulalamika, ila masikio yake ni ya binti. Jirani akifunua sufuria, Mama anajua. Siku za kliniki alikaa kibarazani na kikapu chake magotini, na ndani ya kikapu kulikuwa na chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye kitambaa, vyote vya kaka. Pale si kituo. Hapajawahi kuwa kituo. Lakini basi dogo likichomoza kwenye kona lilipiga honi mbili fupi, Mama akainua mkono, nalo likasimama mlangoni petu kama gari la bibi harusi. Kwanza kilipanda kikapu, kondakta akakipokea. Kisha akapanda Mama, kiti cha mbele. Abiria hawakusonya tena. Walimwamkia.

Huku nyuma mji ulikuwa unanenepa. Kila shamba likawa mtaa, kila mtaa ukazaa mtaa mwingine, na watu wote hao asubuhi walitaka kwenda mahali pamoja. Ungeondoka hapa umeshiba na kufika mjini una njaa. Wakubwa wakaamua kuleta mabasi marefu yenye njia yao peke yao katikati ya barabara, vituo vya vioo, kadi ya kugusisha mlangoni, na foleni za magari madogo zibaki huko pembeni zikinuniana. Sitaki mtu aseme nayachukia mabasi hayo. Nayapenda. Wateja wangu sasa wanatoka mbali, na vitambaa nafuata mwenyewe mjini na kurudi kabla pasi haijapoa. Sina ugomvi na basi.

Barabara ilipopanuliwa walikichukua kibaraza. Siku ile Mama alisimama mlangoni akalitazama tingatinga likikivunja, na msimamizi akamwambia, "Pole, mama." Mama akamjibu, "Chukueni, baba. Atakayepita hapo ni mwanangu." Maana kaka alikuwa ameomba, akafanyiwa majaribio ya macho na ya usukani, akachukuliwa. Mtaa mzima ulijua. Mama alihakikisha.

Wakapelekwa mafunzoni. Aliyewafundisha wakamwita Mwalimu, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata. Mwalimu alikuwa na usemi wake mmoja ambao aliwafanya waurudie kila asubuhi: "Basi hili halina shangazi, halina mjomba." Maana yake ilikuwa wazi. Hakuna kusimama nje ya kituo, hakuna kumsubiri mtu, hakuna honi ya salamu. "Ukimsimamia shangazi yako leo," alisema, "kesho utawasimamia mashangazi wa mji mzima, na tutakuwa tumejenga barabara ya bure." Kwa kweli hakukosea. Tatizo ni kwamba aliyafundisha hayo kwa mtu aliyeitwa Twende. Madereva wote walikuwa katika kipindi cha majaribio, na mmoja alishavuliwa sare kwa sababu alimchukua shemeji yake njiani wakati wa mazoezi. Kaka aliiogopa habari hiyo. Alikuwa na watoto shuleni, na basi lake dogo lilikuwa limeshaondolewa barabarani pamoja na mengine. Hakuwa na pa kurudi.

Wiki ya uzinduzi alikuja nyumbani na sare. Koti la bluu, vifungo vinang'aa, kofia. Mama alimzungusha mara mbili kama kitambaa anachotaka kukinunua. Tukala, tukacheka, kaka akavimba kichwa. Akatueleza kwamba basi la kwanza kabisa, lenye wageni wa heshima ndani, ataendesha yeye. Mama akamuuliza, "Na mimi nitapandia wapi?"

"Wewe?" Kaka akajigonga kifua. "Mama, wewe inua mkono tu. Mimi ni yuleyule."

Ilikuwa mbwembwe. Mwanamume mwenye koti jipya mbele ya mama yake, ulitaka aseme nini? Angeweza kumweleza habari ya kituo, jinsi ya kupanda ule mteremko wa kuingilia jukwaani, na kadi. Akaona ni maneno ya kumpunguzia raha. Nilicheka, nikadhani Mama naye amecheka. Kumbe Mama aliliweka neno lile mahali anapowekaga ahadi.

Akaniomba nimshonee gauni. Nikamshonea, la kitenge chenye maua ya njano, na kilemba chake.

Siku ya uzinduzi barabara ilifungwa kwa magari mengine. Watu walijipanga pande zote mbili, bendi inapiga kule kituoni, vijana wamepanda ukutani. Mimi nilikuwa namalizia pindo la mteja mkorofi, utepe wa kupimia bado shingoni, nikasikia kelele ya watu ikibadilika. Nikatazama nje. Mama ameshavuka ukingo wa saruji, amesimama katikati ya njia ya mabasi, gauni la maua, kikapu mkononi, mkono mwingine juu. Na basi limeshatokea kwenye kona, refu, jeupe, limepambwa utepe.

Nilitoka mbio bila viatu.

Basi lilisimama. Lingefanyaje? Lilisimama karibu yake kabisa, na kaka, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliposimama akafungua mlango. Mkono wake ulifanya kabla hajauuliza. Sasa, mlango wa basi lile umetengenezwa kwa ajili ya jukwaa la kituo. Haushuki chini. Ulifunguka ukawa usawa wa kifua cha Mama, hauna ngazi, hauna hata pa kukanyaga. Mama akazunguka hadi pale, akautazama, akafanya alichokifanya siku zote. Akainua kikapu, akakiweka ndani kwanza, sakafuni, kwenye viatu vya Mkurugenzi mkuu wa mabasi. Halafu akainua mikono yote miwili, anangoja avutwe.

Ndani wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kumwona bibi wa kijijini, hakikuwa na chuki nyingi, lakini kicheko ni kicheko. Mpiga picha mmoja akainama kutafuta pembe nzuri. Mkurugenzi akasema kwa upole, "Bibi, hapa si kituo."

"Najua, baba," Mama akasema, mikono bado juu. "Huyo dereva ananijua."

Mkurugenzi akageuka. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dereva, na wote wawili wakamtazama kaka yangu. "Dereva," akauliza Mkurugenzi, "unamfahamu huyu mama?"

Nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimesimama begani kwa Mama, na mlango ulikuwa wazi, na nilimwona kaka kwenye kile kioo chake cha ndani. Macho yake yalikutana na yangu, yakahama.

"Simfahamu, mheshimiwa," akasema. Alisema kwa sauti, kama askari anayejibu mkubwa wake. Na kama vile hilo halikutosha, akaongeza, "Wazee wa huku ndivyo walivyo. Wamezoea mabasi ya zamani."

Wakacheka tena, na yeye akacheka pamoja nao.

Kile kicheko ndicho kilichonichoma mimi. Neno ningelisamehe, hofu inaweza kumtoa mtu neno lolote. Nilifungua kinywa nimtaje jina lake lote na la baba yetu, lakini Mama alinishika kifundo cha mkono, akanibana hadi vidole vyake vikaacha alama. Mpiga picha akakirudisha kikapu chini, kwa heshima, mikono miwili. Mlango ukafungwa. Basi likaondoka kimya, maana yale mabasi hata kunguruma hayangurumi.

Majirani wote walikuwa pale. Hao walimjua Mama na walimjua Twende tangu anatembea uchi. Hakuna aliyecheka. Walianza kutazama viatu vyao, bendi ikiendelea kupiga kule mbele, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Askari wa barabarani akaja na kidaftari chake, anataka kujua kulikoni. "Mama, unamjua dereva yule? Alikuambia usimame hapa?"

Mama akamtazama askari usoni. "Hapana, mwanangu. Nimemfananisha tu."

Akavuka ukingo, akaingia ndani, akalivua gauni la maua, akalikunja. Sijawahi kuliona tena mwilini mwake.

Kuanzia hapo kaka hakuja nyumbani. Lakini alipita. Ndiyo adhabu aliyojitafutia: njia yake ilipita mbele ya mlango wa mama yake, kwenda na kurudi, tangu alfajiri mpaka jioni. Nikiwa kwenye cherehani nilimwona akipita, kati yetu vioo viwili tu, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya. Hakugeuka hata mara moja. Na Mama alikuwa amekihamishia kigoda chake uani, akakaa akitazama kamba ya nguo. Mtu aliyeishi maisha yake yote akitazama barabara sasa alikuwa anazitazama fulana zangu zikikauka.

Kliniki alikwenda kwa pikipiki. Mwanamke wa umri ule, ameketi upande, kikapu kifuani, kilemba kinapepea, moshi wa malori usoni, na pembeni yake njia pana ya mabasi, safi kama sahani. Mara moja nilikuwa naye, mimi kwenye pikipiki ya nyuma. Tulisimama kwenye taa, na basi likaja likasimama sambamba nasi. Dereva alikuwa kaka. Kati yake na Mama palikuwa na kioo tu na nafasi ya kupitisha mkono. Mama alitazama mbele. Kaka alianza kufuta dashibodi kwa kitambaa, akaifuta, akaifuta, hadi taa ikawaka kijani na basi la nyuma likaanza kumpigia honi. Wifi aliniambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kuoga, na alikaa bafuni mpaka watoto wakaanza kugonga.

Wifi alikuwa anakuja. Maskini, alitumwa na vifurushi: sukari, shali, dawa ya kuchua magoti. Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamuuliza habari za wajukuu. Habari za mwanawe hakuuliza. Wifi ndiye aliyetuambia habari ya cheti. Kampuni ilimpa kaka cheti cha dereva bora, kwa kuzingatia taratibu siku ya uzinduzi. Picha yake ikabandikwa kwenye chumba cha mafunzo. Mwalimu akawa anawasimulia madereva wapya kisa cha bibi aliyesimama njiani na dereva ambaye hakuyumba. Wenzake walimpongeza, wakamnunulia soda. Cheti chenyewe wifi alikikuta chini ya godoro, upande anaolala kaka, kimekunjwa mara nne.

"Ananiuliza mimi afanyeje," wifi akasema. "Nikamwambia, nenda kwa mama yako. Anasema uso hana."

"Uso anao," nikamjibu. "Tulimwona nao kwenye kioo."

Jumapili moja akaja. Alikuja bila sare, kwa miguu kutoka kituoni, akasimama mlangoni hapigi hodi. Nilimwona, nikaendelea kushona. Sikutaka kumsaidia. Mwisho Mama, kwa masikio yale, akasikia pumzi zake, akatoka uani.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Akamkalisha sebuleni kwenye kiti cha wageni. Akaenda kabatini akakitoa kikombe cha maua, kile chenye kisahani, ambacho sisi watoto tulichapwa kwa kukigusa tu. Hutumika akija mchungaji, akija shehe wa jirani, akija mtu wa serikali. Akakisuuza, akamimina chai, akaweka sukari pembeni ajiwekee mwenyewe, kama mtu ambaye hajui mgeni wake anakunywa na sukari kiasi gani.

Kaka alikitazama kikombe kile na mdomo ukaanza kumcheza. Mimi nimekwisha kumwona akianguka kwenye mti, nimemwona akimzika baba, lakini sijamwona vile. Hakuweza hata kukishika. "Mama," akasema, "nisamehe."

"Kwa lipi, baba?"

"Unajua, Mama."

"Sijui. Wewe ulisema hunifahamu, na mimi nikasema nimekufananisha. Tulikubaliana. Sasa tukianza kugeuka leo, tutaitwaje?"

"Nilikuwa naogopa kazi. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Mama, nakuomba."

Mama aliketi, akapanga mikono mapajani. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Kazi ni kitu," akasema. "Mimi nisingependa uikose kwa ajili yangu, ndiyo maana nilimjibu askari vile. Ungesema, 'Ndiyo, ni mama yangu, lakini hapa si kituo,' ningechukua kikapu changu nikarudi ndani, na ningekusifu mtaa mzima. Ulinikana mbele za watu, mwanangu. Humu sebuleni hamna watu. Yupo dada yako tu, na yeye anajifanya anashona."

Nilikuwa nimeshona mkono wa shati ukafungana na mfuko. Kaka alikaa, chai ikapoa na kuota utando, akaondoka bila kuinywa. Mama alikiosha kikombe, akakirudisha kabatini.

Wiki nyingi zikapita. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja mshindo huo kila siku. Asubuhi moja ya kliniki nikamwona Mama jikoni anajaza chupa ya chai. Tangu uzinduzi hakuwa ameijaza. Akafunga mkate kwenye kitambaa, akaweka kikapuni, akavaa viatu.

"Nimwite wa pikipiki?" nikauliza.

"Leo napanda basi. Moshi umenichosha."

Nilichukua kadi yangu, tukatembea polepole hadi kituoni, tukapanda ule mteremko huku akishika chuma na kutukana magoti yake. Akagusisha kadi kama nilivyomwonyesha, kile kidude kikalia, akafurahi kidogo. Basi la kwanza likaja, mlango ukafunguka usawa na nyayo zetu, sawasawa kabisa, hata mtoto anayetambaa angeingia. "Twende, Mama," nikasema. Akatikisa kichwa. La pili likaja, akaliacha. Nikamwambia mabasi yote ni sawa. "Si sawa," akasema.

La tatu lilikuwa la kaka. Mama akaingia, akaenda hadi kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, kijana mmoja akampisha. Kaka alimwona kwenye kioo. Nilijua amemwona kwa sababu shingo ilikakamaa tena. Na kwa bahati, au kwa mkosi, Mwalimu alikuwemo, shati lake lilelile linalokata, amesimama na madereva wapya watatu, anawafundisha njia.

Tulipokaribia kupita mbele ya nyumba yetu, Mwalimu akanyoosha kidole dirishani. "Hapa ndipo," akawaambia. "Siku ya uzinduzi, bibi mmoja akasimama katikati ya njia. Na kikapu! Anataka avutwe kwa mikono. Mkurugenzi yumo ndani, waandishi wamo. Dereva mwingine angebabaika. Huyu hapa akasema simfahamu, akafunga mlango, tukaendelea. Basi hili halina?"

"Shangazi!" wakaitikia wale vijana, wakacheka.

Mama alikuwa anatazama nje. Mtaa wetu ukapita, mlango wetu, dirisha langu. Alichofanya ni kukishika kikapu vizuri zaidi magotini. Mimi ndiye niliyeona haya mpaka machozi yakanitoka, haya ya kuwa damu moja na yule aliyeshika usukani.

Tukafika kituo kinachofuata. Milango ikafunguka, watu wakashuka, watu wakaingia. Kengele ya kufunga ikalia. Milango haikufungwa. Kaka alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo dereva haruhusiwi kulifanya, amegeuka amesimama mbele ya watu wote na kofia yake mkononi.

"Mwalimu," akasema. "Yule bibi namfahamu. Ni mama yangu mzazi. Ni huyu hapa."

Sauti ilikuwa ndogo, imepasuka. Waliokuwa mbele walisikia, wa nyuma wakaulizana kuna nini. Mwalimu alimtazama kaka, akakitazama kikapu. Nadhani alikikumbuka kikapu kabla ya kumkumbuka mwenye kikapu. Akainama kwa Mama, adabu imemrudia yote. "Shikamoo, mama. Ni kweli asemayo? Huyu ni mwanao?"

Basi zima likangoja. Kaka alingoja, anaipindapinda kofia.

Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Anasemaje?" akauliza. "Sijasikia vizuri."

Nikamtazama. Masikio yale! Kaka naye alimtazama, na akaelewa, maana alizaliwa na mwanamke huyu. Akarudi kwenye kiti, akavuta kipaza sauti kile cha kutangazia vituo, akabonyeza kitufe cha ndani na cha nje pamoja, ili hata walio jukwaani wasikie.

"Abiria," akasema, na ikatoka kila mahali, juu ya vichwa vyetu na nje kwenye vioo vya kituo. "Siku ya uzinduzi mama yangu alisimamisha basi hili, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia ainue mkono. Nikaulizwa kama namfahamu. Nikasema simfahamu. Nikamcheka. Ni mama yangu. Amekaa hapa mbele. Naona aibu." Akaachia kitufe.

Hakuna aliyepiga makofi, namshukuru Mungu. Mwanamke mmoja alisema "Maskini" na sikujua anamwambia nani. Jukwaani watu walikuwa wamesimama na mizigo yao, wanatazama ndani.

Mama akatoa chupa ya chai kikapuni, akaipitisha pembeni ya kiti cha dereva. Pale juu kuna picha ya kikombe kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Mwalimu aliitazama picha, akaitazama chupa, akageukia dirisha. "Haya, kaa chini uondoe basi," Mama akasema. "Unawachelewesha watu, wana kazi zao."

Ofisini walimwita, bila shaka. Kaka alipewa onyo la maandishi na kusimamishwa kwa muda, na picha yake ikabanduliwa kwenye chumba cha mafunzo. Mwalimu alimtetea, sikulitegemea hilo, na nasikia kisa kile hakisimulii tena. Kaka amerudi barabarani. Anakuja Jumapili na anakunywa kwenye kikombe cha bati kama sisi wengine. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akipita pale mbele ya mlango wetu bado macho huyashusha, na siku Mama akicheka kwa nguvu, yeye hunyamaza kwanza kusikiliza anachekwa nani.

Jioni ya siku ile ya kliniki, tulipokuwa tunachambua mboga uani, sikuvumilia. "Mama, kweli hukusikia mara ya kwanza?"

"Nilisikia."

"Basi kwa nini ukamfanya arudie?"

"Siku aliponikana alisema kwa sauti," akasema. "Hata wa ng'ambo ya barabara walisikia."